Somo: Kijana Asiye na Kaburi Kwetu

Masomo ya Biblia: 2 Samweli 18:19-33, 21:8-14, 23:24-39, Ufunuo 20:11-13.

Ndugu wapenzi, na hasa ninyi walimu mnaoshika kazi ya Neno mitaani, somo hili limeandikwa lipate kusomwa na kuzungumzwa katika juma lililo kabla ya Jumapili ya mwisho ya mwaka wa kanisa, ndiyo siku ya kuwakumbuka waliolala. Desturi ya siku hii tumeipokea kwa wazee wa Kilutheri wa Ulaya. Mwaka 1816 Friedrich Wilhelm III, mfalme wa Prussia, aliamuru makanisa ya nchi yake yaishike. Na nchi hiyo ilikuwa imetoka juzi tu katika vita vikali na Napoleon, hata nyumba nyingi zilikuwa na mama amliliaye mwana. Kwa hiyo si jambo geni tukiitumia siku hii kuwakumbuka vijana waliokufa vitani. Lililo geni ni kwamba sisi tumewasahau.

Maana yatazameni majina tunayoyasoma siku ile. Ni majina ya watu tuliowazika wenyewe, tukatupa udongo kwa mikono yetu. Vijana wetu wa vita vya Kagera, vya mwaka 1978 na 1979, wana makaburi yao huko Kaboya, Muleba, na mtu aweza kwenda kuyaona. Lakini yuko mwingine. Alibatizwa, akafundishwa Katekisimo, akapata kipaimara, akaenda na Keya wakati wa vita vikuu vya pili, asirudi tena. Jina lake limo katika kitabu cha ubatizo, limo na katika kitabu cha kipaimara; katika kitabu cha waliozikwa halimo, kwa sababu usharika haukumzika. Na kwa kuwa hakuzikwa, hasomwi. Watu wa Tanganyika walioingia katika utumishi wa vita vile, tangu 1939 hata 1945, wapata 87,000. Wengine walijitolea, wengine waliitwa kwa amri ya serikali wala hawakuulizwa. Walipelekwa Uhabeshi, Madagaska, na misitu ya Burma. Aliyekufa huko alizikwa huko, kama alipatikana.

Tusinene kwa maneno ya juu juu. Natwaa habari moja iliyo hakika, nayo ni habari ya marikebu iitwayo Khedive Ismail.

Marikebu hii iliundwa Uskoti mwaka 1922. Baadaye ilikuwa mali ya Wamisri, ambao waliipa jina la mtawala wao wa zamani; na vita vilipokuja Waingereza waliitumia kuchukua askari. Mwanzo wa Februari 1944 iling'oa nanga Kilindini, Mombasa, kwenda Colombo katika kisiwa cha Ceylon, ambacho leo chaitwa Sri Lanka. Zilikuwa marikebu tano za askari zikifuatana, zikilindwa na manowari kubwa iitwayo Hawkins na nyingine mbili ndogo zenye mbio, Petard na Paladin. Ndani ya Khedive Ismail walikuwamo watu 1,511. Katika hao 996 walikuwa wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika ya Mashariki, askari Waafrika pamoja na wakubwa wao Waingereza. Waliosalia walikuwa mabaharia, na watu wa manowari waliosafiri kama abiria, na wauguzi wa kike, na wanawake wengine wa utumishi wa vita.

Siku ya Jumamosi, 12 Februari, wakati wa alasiri, walipokuwa karibu na visiwa vya Maldivi, manowari ya Wajapani ipitayo chini ya maji, iliyoitwa I-27, iliipiga marikebu ile kwa topido mbili. Ikazama kwa muda wa dakika tatu hivi. Msomaji na aiweke saa mbele yake, ahesabu dakika tatu, ndipo atakapofahamu. Ni muda wa kuimba beti mbili za wimbo wa kanisa. Aliyekuwa chini katika vyumba vya askari hakupata nafasi hata ya kuzifikia ngazi. Walikufa watu 1,297. Waliookolewa ni wanaume 208 na wanawake 6.

Liko na jambo jingine, nalo ni gumu, wala mwalimu asilifiche. I-27 ilijificha chini ya watu waliokuwa wakielea majini. Mkubwa wa Petard akawa na shauri zito kupita yote: akiiacha, yaweza kuzipiga marikebu nyingine zilizojaa watu, akiipiga, mabomu yake yapasukayo kilindini yatapasuka chini ya watu wa upande wake mwenyewe. Akayaangusha. Baadhi ya wale waliokuwa wamekwisha kuokoka katika topido wakafa kwa mabomu ya rafiki zao. Baadaye manowari ya adui ikalazimika kupanda juu, ikapigwa kwa mizinga muda mrefu, na mwisho Petard ikaizamisha kwa topido.

Mtu aliyeketi salama chini ya mti wake asifanye haraka kumhukumu mkubwa yule. Mimi sioni kwamba alikuwa na njia iliyo safi. Walakini mama wa kijana akiuliza, Mwanangu aliuawa na nani?, jibu la kweli ni refu kuliko neno moja la adui, na mama ana haki ya kulisikia lote.

Hapa tufungue 2 Samweli, mlango wa 18. Absalomu ameuawa mwituni, na Yoabu apeleka habari kwa mfalme. Wajumbe ni wawili. Wa kwanza ni Ahimaasi mwana wa Sadoki, kijana wa ukoo mwema, mwenye mbio, apendaye sana kuchukua habari. Wa pili ni Mkushi, mtu wa nchi zilizo kusini ya Misri, yaani mtu mweusi kama sisi, wala jina lake halikuandikwa. Ahimaasi alifika kwanza, akatangaza ushindi. Lakini Daudi hakuuliza habari ya ushindi. Aliuliza kama yule kijana yu salama. Ndipo Ahimaasi alipojibu kwamba aliona kishindo kikubwa, asijue ni kishindo gani. Angalieni aya ya 20: Yoabu alikuwa amekwisha kumwambia kwamba mwana wa mfalme amekufa. Basi alijua. Alikuwa na mbio za kufika, hakuwa na moyo wa kusema. Akaambiwa ageuke kando asimame. Kisha akafika Mkushi, akaulizwa neno lile lile, naye akalijibu kwa heshima, bila kuongeza na bila kuficha, hata mfalme akafahamu. Ndipo Daudi alipopanda chumba kilicho juu ya lango akalia.

Wafasiri wengi huwatazama Daudi na Absalomu tu katika habari hii. Mimi napenda mwalimu amtazame Mkushi. Maana kazi yake imekuwa kazi yetu. Miaka ile ya 1940 wamisionari wa Kijeremani walikuwa wametiwa kambini kwa sababu ya vita, na sharika nyingi zilibaki mikononi mwa wachungaji na walimu Waafrika. Habari ya kifo iliposhuka kutoka bomani hata nyumbani kwa watu, ikiwa maneno machache tu, aliyeitwa aje kuketi na wazazi alikuwa mwalimu wa mtaa. Hakuna aliyeandika habari za kazi ile. Na hata leo tunao akina Ahimaasi wengi: humwambia mtu kwamba mgonjwa wake amezidiwa kidogo, aje upesi, hali maiti imekwisha kuoshwa. Wadhani huo ni upole.

Sasa mlango wa 21. Wana saba wa nyumba ya Sauli walitundikwa mlimani kwa Wagibeoni, na wawili kati yao walikuwa wana wa Rispa. Mwanamke huyu hakuwa na nguvu ya kuwaokoa, wala hakupewa ruhusa ya kuwazika. Alitwaa gunia, akalitandika mwambani, akaketi hapo tangu mwanzo wa mavuno ya shayiri hata mvua ziliponyesha, akiwafukuza ndege mchana na wanyama usiku. Mfalme akapata habari. Baada ya hayo, na si kabla yake, Daudi akaenda kuitwaa mifupa ya Sauli na Yonathani iliyokuwa Yabesh-Gileadi, akaikusanya na mifupa ya wale waliotundikwa, wakazikwa kwa heshima katika nchi yao. Miaka mingi ilikuwa imepita tangu Sauli na Yonathani kufa, na Daudi aliyempenda Yonathani kama nafsi yake alikuwa ameiacha mifupa yake mahali pa mbali. Mjane mmoja aliyeketi juu ya gunia ndiye aliyemkumbusha.

Akina Rispa wetu hawakuwa na mwamba wa kuketi. Bahari ya Hindi haina mahali pa kutandika gunia. Jambo hili wazee wetu walilisikia sana, kwa kuwa kwa makabila yetu mengi maiti isiyozikwa huacha mlango wazi: matanga hayaishi, mjane hajui kama ni mjane, ndugu hawajui kugawa mali. Wajaluo walikuwa na desturi ya kutwaa tunda la mvungunya, nao waliita yago, wakalizika mahali pa mtu aliyepotea, wapate kumaliza msiba. Wako Wakristo wanaoicheka desturi hiyo. Nisingependa mwalimu aicheke. Si Injili, wala hatuifundishi. Lakini ndani yake mna upendo usiokubali kwamba mtu aondoke pasipo alama yoyote. Mwenye kucheka na aseme yeye ameweka alama gani.

Neno la Mungu lajibu hofu iliyo chini ya desturi hiyo. Katika Ufunuo 20:13 Yohana aliona bahari ikiwatoa wafu waliokuwamo ndani yake. Imetajwa bahari kwanza, ndipo mauti na kuzimu. Watu wa zamani walifikiri kwamba aliyemezwa na maji amepotea kabisa, tofauti na aliyelala kwa baba zake. Na Yohana mwenyewe, alipokuwa Patmo, alizungukwa na maji pande zote. Basi mfundisheni mjukuu wa askari yule kwamba ufufuo haungoji kaburi. Mungu ajuaye hesabu ya nywele anajua na mahali pale karibu na Maldivi.

Lakini hapa walimu waangalie sana, maana katika kumfariji mtu twaweza kumpa mkate wa jiwe. Nimesikia zaidi ya mara moja, katika ibada za kuwakumbuka askari, maneno ya kwamba aliyekufa vitani ameingia mbinguni kwa damu yake. Mafundisho haya si yetu. Mwaka 1526 Martin Luther aliandika kitabu kidogo kwa ajili ya askari mmoja mkubwa, Assa von Kram, aliyemwuliza kama askari aweza kuwa na wokovu. Luther alitenga kazi na mtu: kazi ya upanga yaweza kuwa halali kwa kulinda walio dhaifu, na mtu anayeifanya aweza kuwa mbaya; kama vile hukumu yaweza kuwa njema na hakimu awe mla rushwa. Alisema pia kwamba mtu akijua hakika kuwa bwana wake apigana vita vya udhalimu, asimfuate, maana imempasa kumcha Mungu kuliko mwanadamu. Lakini asipojua wala asiweze kujua, na atii kwa moyo safi. Mwisho alimfundisha askari asitumainie hata utii wake mwema, bali Kristo peke yake.

Neno hili la kutoweza kujua lawafaa sana vijana wetu. Kijana wa miaka ishirini kutoka bara, aliyefundishwa kupiga mzinga, angejuaje shauri la vita kati ya London na Tokyo? Wengine walifuata mshahara, wengine walitaka kuona dunia, wengine waliitwa kwa orodha ya jumbe. Tusiwafanye watakatifu, wala tusiwafanye wapumbavu waliokufa kwa ugomvi wa watu wengine. Wokovu wao ulikuwa katika ubatizo ule ule ulioandikwa katika kitabu chetu, na ndiyo sababu kitabu kile ni cha thamani kuliko nishani.

Tuje basi katika habari ya majina. Someni 2 Samweli 23 tangu aya ya 24. Ni orodha kavu ya mashujaa wa Daudi, na wasomaji wengi huiruka. Mwalimu asiiruke. Na isomwe kwa sauti mpaka jina la mwisho kabisa, ndilo Uria Mhiti. Huyu alikuwa mgeni katika Israeli. Aliwekwa mbele penye vita vikali kwa waraka wa mfalme wake mwenyewe, nao waraka aliuchukua kwa mkono wake. Ingekuwa rahisi kwa mwandishi wa mfalme kuiishia orodha kwa jina lililo kabla yake. Hakufanya hivyo. Na Mathayo naye, alipoandika ukoo wa Bwana wetu, alimtaja Uria kwa jina.

Serikali za dunia zimekuwa na shida katika jambo hili hili. Mwaka 1917 Waingereza walianzisha Tume ya Makaburi ya Vita, na sheria yake ya kwanza ilikuwa njema: kila aliyekufa aandikwe jina lake, pasipo kubagua mkubwa na mdogo, wala dini na dini. Ndiyo hiyo Tume ya Jumuiya ya Madola ya leo. Lakini katika Aprili 2021 Tume yenyewe ilitoa taarifa ya kuchunguza matendo yake ya zamani, ikakiri kwamba katika vita vya kwanza sheria ile haikufuatwa kwa watu wengi wa Afrika na Asia. Watu kati ya 45,000 na 54,000 walikumbukwa kwa namna iliyo pungufu kuliko wenzao. Na wengine wasiopungua 116,000, labda hata 350,000, hawakuandikwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wa hao walikuwa askari na wapagazi wa Afrika ya Mashariki. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 ni nzuri, nami huitazama kila nikipita. Haina jina la mtu hata mmoja. Na Kariakoo, sokoni tunakonunua vitunguu, jina lake latoka kwa kikosi cha wapagazi hao. Watu hulitamka kutwa, wasijue kwamba wamewataja wafu.

Kwa waliozama na Khedive Ismail, ukumbusho umo Nairobi, katika makaburi ya vita yaliyo kando ya njia ya Ngong. Mwenye jamaa aliyekufa katika marikebu ile na aende akatafute. Lakini ajue kwamba mara nyingi jina aliloandikiwa mtu jeshini silo la nyumbani. Karani aliandika alivyosikia. Jina la baba liliachwa, au jina la kijiji liligeuzwa kuwa la ukoo, au jina la ubatizo likaandikwa kwa herufi za Kiingereza. Kwa hiyo asikate tamaa upesi.

Wala kazi iliyo kubwa haiko Nairobi. Iko katika sanduku la usharika. Walimu wakitwae kitabu cha ubatizo cha miaka ya 1915 hata 1926, wakisome na kitabu cha kipaimara, wakaulize habari ya kila mvulana: aliishia wapi? Aliyezikwa ataonekana katika kitabu cha tatu. Aliyehama wapo watakaojua. Wakibaki wachache wasiojulikana, hao na waulizwe kwa wazee, na upesi, kwa kuwa mtoto aliyekuwa na miaka kumi siku ile ya 12 Februari 1944 sasa amekwisha kupita miaka tisini. Waulizwe bibi kuliko babu, kama nijuavyo mimi. Babu husimulia vita, bibi husimulia ni nani aliyekwenda na alivaa nini siku ya kuondoka. Jibu likipatikana liandikwe katika kitabu cha waliolala, kwa wino, hata kama mahali pa kaburi pataandikwa neno bahari tu, au Burma. Lisilopatikana hakika lisiandikwe. Kumpa mtu kifo kisicho chake si kumkumbuka.

Siku ya Jumapili yenyewe majina haya na yasomwe pamoja na mengine, si mbali katika ibada ya peke yake, wala pasiwe na hotuba ya kusifu vita. Jamaa wasimame jina lao likitajwa. Likitajwa jina lisilo na jamaa aliyebaki, mzee wa kanisa asimame kwa ajili yake. Na ikiwa kuna kijana wa miaka ishirini, afadhali asimame yeye, watu waone umri ule ulivyo.

Najua swali litakaloulizwa, nalo ni habari ya Wajapani. Katika I-27 walikufa watu karibu 100, akaokoka mmoja tu; nao walikuwa vijana, na mama zao waliuliza neno lile lile la Daudi. Katika vita vya kwanza ndugu wa nchi hii hii walisimama pande mbili, huyu na Wajeremani, huyu na Keya, na leo majina yao twayasoma pamoja pasipo kuuliza. Basi katika sala ya siku ile watajwe na wale wa upande wa pili, kwa maneno machache, majina ya kwetu yakiisha kusomwa. Kengele isipigwe mpaka hapo.